Roblox Studio, Godot au Scratch? Jibu refu kwa mpwa wangu wa Lindi

Dada yangu alinipigia kutoka Mtanda, Lindi, wiki ile malipo ya korosho za mama yalipoingia. "Kaka, mtoto anataka kompyuta. Anasema ya kutengenezea magemu. Hiyo nayo ni kazi ya mtu na akili zake?" Huku kusini mambo ya mtoto humalizwa na mjomba, kwa hiyo swali likawa langu, nipende nisipende. Bahati mbaya kwa dada, ugonjwa huohuo ninao mimi. Nina steshenari ndogo Chikongola, hapa Mtwara mjini, na jioni wateja wa fotokopi wakipungua nimekuwa nikijifundisha kutengeneza gemu: mwaka mzima na ushei kwenye Roblox Studio, kisha nikahamia Godot. Sikuwa na mwalimu, na kazi zangu za mwanzo zinalitangaza hilo.

Mpwa akapokea simu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mjomba." "Nianze na ipi?"

Majina alikuwa nayo tayari: Roblox, Godot, Scratch. Nikamjibu kwa papara mpaka salio la dada likakata. Haya ndiyo niliyokuwa nataka kusema, yamepangika kidogo, na kama uko Masasi au Newala na swali ni lilelile, yachukue.

Kwanza gemu yenyewe, maana bila kujua unataka kujenga nini, kulinganisha zana ni kupoteza jioni. Mpwa anataka gemu ya wapagazi wa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wa kale kwenye kilima kile cha mkoani Lindi. Wachimbaji walikuwa watu wa huku, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa kwa miguu, mwendo wa kama siku nne, mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mmoja amesimama hadi leo kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Katika gemu ya mpwa wewe ni mpagazi: unabeba mfupa, unakwepa mvua na simba, unafika bandarini. Halafu kuna hatua ya mwisho ya siri, unaweza kuuficha mfupa kabla meli haijapakia. Hilo ni wazo lake, sikulitia mkono. Gemu hiyo moja nimeitumia kupima zana zote tatu.

Scratch, kwa ufupi

Scratch ilitoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Huandiki chochote, unapachika vitofali vya rangi kimoja chini ya kingine, na kila kitofali ni amri. Ina faida mbili ambazo huku kwetu si ndogo. Lugha ya menyu unaweza kuibadilisha ikawa Kiswahili. Na ipo programu yake ya kusakinisha kwenye kompyuta, ambayo ukishaipata mara moja inafanya kazi bila intaneti kabisa.

Mpagazi anayekwenda kushoto na kulia kwa mishale ya kibodi, mfupa unaoshikamana naye akiugusa, saa inayohesabu kurudi nyuma: kazi ya mchana mmoja. Utakuwa umejifunza kurudia, sharti na kigeu (kisanduku chenye jina cha kuwekea namba), mambo ambayo hayabadiliki hata ukihamia lugha nyingine. Lakini jukwaa lake ni dogo, nukta 480 kwa 360, na si zana ya mtu anayetaka kutembea ndani ya msitu wa pande tatu. Mtoto wa miaka tisa mwache humo hata mwaka. Kijana wa kidato cha tatu, wiki mbili zinamtosha.

(Kuna wanaosema "kuandika kodi". Mimi nasema msimbo. Kodi naijua, na wenyewe huwa wanakuja dukani kuiulizia.)

Roblox Studio: unakuta nyumba ina kila kitu

Wengi wanadhani Roblox ni gemu. Ni jukwaa, lililofunguliwa mwaka 2006 na David Baszucki na Erik Cassel, na gemu zilizomo zimetengenezwa na watumiaji wenyewe. Studio ndiyo karakana yake, na ni bure. Jambo la kulijua kabla hujamwomba mtu pesa: Studio inakubali Windows na Mac tu. Kwa simu utacheza, hutajenga. Nimeshaletewa simu dukani na vijana watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja akitaka nimwekee Studio.

Utamu wake uko kwenye dakika kumi za kwanza. Unafungua uwanja mtupu, unaweka kipande, unabonyeza F5, na hapohapo umesimama juu yake. Una mwili, unatembea, unaruka, kamera inakufuata. Hujaandika hata mstari mmoja. Ukichapisha na kumtumia rafiki kiungo, aliyeko Nachingwea anaingia kwenye uwanja uleule na mnaonana. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha gemu mtandaoni, ni zao na hulipii. Gemu ya watu wengi mtandaoni ni kazi inayowashinda wajuzi, na hapa unaikuta imeshatandikwa kama kitanda cha mgeni. Kwa mtu anayejifundisha mwenyewe hiyo ni dawa, kwa sababu adui yake mkubwa ni kuchoka kabla hajaona kitu kinatembea.

Mimi nilianza kwa kumjenga mjusi mwenyewe. Kipimo cha Roblox kinaitwa studi, na studi moja ni kama sentimita 28. Nikapiga hesabu, mita 13 na robo ni studi 47 hivi, na mwili wa mchezaji una kama tano. Nikapanga vipande vya mifupa jioni tatu mfululizo, mgongo, shingo, mbavu, mpaka nikamwita jirani yangu wa duka la vipuri aje kuona. Nikabonyeza F5. Mjusi mzima akamwagika chini kama kuni. Nilikuwa sijaweka alama ya Anchored, inayokiambia kipande kibaki hewani kilipowekwa. Jirani alicheka mpaka akakaa. Siku hizi akinikuta kwenye kompyuta huuliza kama nimeshafunga kamba.

Baada ya kupanga vipande inakuja skripti, yaani amri unazoandika kwa mkono. Lugha yake ni Luau, mtoto wa Lua, iliyozaliwa mwaka 1993 kwenye chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, Brazili. Ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma watakwambia maana yake bila kamusi: lua ni mwezi kwa Kireno. Ni lugha fupi, haina mapambo. Kinachowasumbua wengi ni kwamba kuna skripti zinazoendeshwa kwenye seva na nyingine kwenye mashine ya mchezaji, na ukizichanganya hakuna kinachotokea wala huambiwi vizuri kwa nini. Idadi ya mifupa iliyofika bandarini inapaswa kuhesabiwa na seva. Ukiiacha kwa mchezaji, atakuja mjanja ajihesabie mifupa elfu. Somo hilo linaudhi, lakini ndilo hasa wanaloishi nalo watu wa mifumo ya benki na ya malipo ya simu, na nililipata bure nikiwa nahangaika na mfupa.

Kuna pia ghala la vitu vya bure vilivyotengenezwa na wengine: miti, magari, nyumba. Chukua, lakini fungua kila ulichochukua utazame ndani. Vingine huja na skripti zilizofichwa ambazo mwenye nazo anajua zinafanya nini na wewe hujui. Mkorosho sikuupata hata mmoja. Niliujenga.

Ubaya wa Roblox ni kwamba nyumba hii umepanga. Faili unaweza kuhifadhi kwenye diski yako, lakini halichezeki popote nje ya Roblox. Wakibadili kanuni, kanuni zimebadilika na kwako. Na kwa dada, aliyeuliza kama watu wasiojulikana wanaweza kuongea na mtoto: ndiyo, ni mahali pa watu. Pana vidhibiti vya wazazi, na inabidi mzazi avifungue mwenyewe avipange, si kumwachia mtoto ajipangie.

Godot: kiwanja kitupu, hati yako

Godot ilianzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 wakauweka msimbo wake wazi chini ya leseni ya MIT. Maana yake kwa lugha ya sokoni: unaitumia bure, unauza ulichotengeneza, hudaiwi asilimia wala ruhusa. Nayo haisakinishwi. Ni faili moja, unalifungua na kazi inaanza. Nalitembeza kwenye flashi pamoja na funguo za duka. Inakubali Windows, Linux na Mac, na lipo toleo la kujengea gemu kwenye Android, ingawa kwa skrini ya simu utaumiza macho. Kwenye tableti inavumilika.

Ukiifungua unakutana na ukimya. Hakuna mwili, hakuna ardhi, hakuna mtu wa kumtumia kiungo. Mpagazi wako ni nodi, yaani vipande vya kujengea unavyoviunganisha mwenyewe: CharacterBody2D ndiyo mwili, Sprite2D ndiyo picha yake, CollisionShape2D ndiyo umbo linalomfanya agongane na vitu. Kwenye Roblox kipande kinazaliwa kigumu. Hapa ugumu unauongeza kwa mkono, na ukisahau, kitu kinapita ndani ya ardhi kana kwamba haipo. Wiki ya kwanza nilijiona mjinga. Wiki ya tatu nikagundua kwamba mwaka mzima wa Roblox nilikuwa natumia vitu nisivyojua vimeundwaje.

Lugha yake, GDScript, inafanana na Python, kwa hiyo kijana aliyewahi kugusa Python shuleni hatapotea. Ukiambatisha skripti kwenye mwili wa mchezaji, Godot yenyewe inajitolea kukuandikia kiolezo cha kutembea na kuruka. Kikubali, kisha kifute mstari mmoja mmoja uone kinaharibika nini. Sijapata mwalimu mzuri kuliko huo.

Faida inayonifanya niipende nikiwa Mtwara ni hii: maelezo yote ya amri zake yamo ndani ya programu. Bonyeza F1, tafuta, soma, bila hata baa moja ya mtandao. Mwongozo mkubwa nao unapakuliwa mara moja ukasomwa baadaye kama kitabu. Maelezo ya Roblox yanakaa mtandaoni. Zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza, hapo hakuna aliyemzidi mwenzake, na kamusi iwe karibu.

Kompyuta na bando

Kompyuta tuliyompatia mpwa ni iliyotumika, memori GB 4, imechoka lakini haijafa. Kwenye mashine ya aina hiyo dukani kwangu Studio ilifunguka na kujikongoja: mjusi mmoja sawa, msitu mzima feni inalia kama mashine ya kukoboa. Godot ilikuwa nyepesi, kwa sharti moja ambalo wengi hulikosa. Unapoanza mradi mpya unaulizwa uchague namna ya kuchora: Forward+, Mobile au Compatibility. Kwa kompyuta kuukuu chagua ya tatu. Ukiacha ya kwanza na kadi yako ya michoro ni ya zamani, unaweza kupata skrini nyeusi, ukailaumu Godot bure.

Bando ndiyo mizani yenyewe. Studio inataka uingie na akaunti, inavuta vitu kutoka mtandaoni, na hujisasisha mara kwa mara, aghalabu kila wiki. Ukiwa na nyaya za faiba nyumbani hutaona kitu. Ukiwa unaunga kwa simu ya mama, kwa bando la siku, kila unapofungua ni kamari. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na nchi nzima ikabaki na mtandao wa kuvizia, nilikaa siku kadhaa siwezi kufanya chochote cha maana kwenye Studio. Ndipo nilipoifungua Godot niliyokuwa nimeipakua zamani nikaisahau. Sikuchagua kwa busara, nililazimika.

Ila Godot nayo ina siku yake ya kulipa. Ili gemu iendeshwe kwenye simu za Android inabidi upakue violezo vya kusafirishia (mafaili ya kuigeuza gemu iwe programu kamili), ambavyo peke yake ni kama GB 1, kisha Java ya watengenezaji, toleo la 17, na Android SDK, zana za kutengenezea programu za Android. Hapa ndipo watu hukata tamaa. Tenga Jumamosi moja, njoo mahali penye mtandao wa maana, maliza yote, na hutarudia kila siku.

Ukishavuka hapo, unachopata ni faili la APK, yaani programu ya Android ndani ya faili moja. Na APK, ndugu yangu, inasafiri kwa Bluetooth. Rafiki anakaa kwenye benchi la bodaboda, unamtumia, simu inamwonya kwamba programu haijatoka kwenye duka la Google, anakubali kwa kuwa anakujua, anacheza. Hakuna aliyetumia bando, si wewe wala yeye. Gemu ya Roblox kila anayeicheza anakula bando lake, kila anapoingia. Ukitaka watu wa darasani kwako wacheze ulichotengeneza, na watu hao wana simu za bei ya chini na bando la saa, tofauti hiyo inazidi zote nilizotaja.

Pesa, kwa sababu ataulizwa

Wanaokuja dukani kuniuliza habari za Roblox, nusu wameona video ya kijana aliyenunua gari. Wapo kweli waliopata, wengi wao nje huko. Hesabu ni hii. Ili kubadilisha Robux (sarafu ya ndani ya Roblox) ulizozichuma ziwe fedha unahitaji angalau 30,000, uwe na umri usiopungua miaka 13, na Robux moja iliyochumwa tangu Septemba 2025 hubadilishwa kwa dola 0.0038. Kiwango cha chini basi ni dola 114. Ukiuza pasi ya ndani ya gemu kwa Robux 50, mgao wako ni asilimia 70, yaani 35. Utahitaji wanunuzi 858 kufika hapo. Wachezaji si tatizo, utawapata. Lakini wanunuzi 858 wa kitu cha mtu asiyejulikana, hilo ni jambo jingine, na marafiki zako wa Mtanda hawanunui Robux.

Godot haikulipi wala haikukati. Kuweka gemu kwenye duka la Google kunagharimu dola 25 za kujiandikisha, mara moja tu, na akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa iwe na wajaribu 12 walioshiriki siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kuitoa kwa umma. Wajaribu 12 Lindi unawapata kwenye kijiwe kimoja. Kwenye itch.io, tovuti ya kugawia gemu, unapakia bure kabisa.

Kwa hiyo kigezo cha pesa mimi nakiweka pembeni kwa mwaka wa kwanza. Atakayeshupalia pesa kwanza ataiga gemu za wengine zilizokwisha kupendwa, na hatamaliza hata hiyo.

Basi, ipi?

Una Windows au Mac yenye nguvu kiasi, nyumbani kuna mtandao usiohesabiwa, na marafiki zako tayari wanacheza Roblox: ingia Studio, usijizungushe. Utajenga haraka, utaonwa haraka, na mambo ya seva utayajua mapema kuliko watu wa zana nyingine. Hali hiyo naijua kwa kijana mmoja tu hapa Shangani, na nilimwambia hivyohivyo.

Hali ya mpwa si hiyo. Kompyuta ni dhaifu, bando ni la kuunga, wachezaji wake ni wanafunzi wenye simu. Nilimwambia wiki mbili za Scratch, kisha Godot, gemu ya pande mbili, mpagazi anayetoka kushoto kwenda kulia. Mjusi wa studi 47 asubiri. Akaniuliza kama Roblox basi ni ya kuachwa. Hapana. Likizo akija Mtwara atakaa kwenye kompyuta ya duka, mtandao upo, amjenge mjusi wake na wenzake waingie wamzunguke. Ila kazi ya kila siku, ya usiku umeme ukiwepo, iwe ile isiyomwomba ruhusa mtu wala mtandao.

Alichofanya kwanza ni kutonisikiliza. Alikwenda na Studio mwezi mzima, kwa bando la mama yake, mpaka dada akanipigia tena, safari hii si kwa kuuliza. Nikaweka Godot, mwongozo wake na violezo vyote kwenye flashi, nikaifunga kwenye bahasha ya kaki, nikampa kondakta wa basi la asubuhi la Lindi.

Juzi usiku akaniandikia. Mpagazi anatembea, lakini mfupa ukidondoka unapita ardhini unapotea.

"Na pembeni ya jina lake kwenye orodha kuna kialama cha njano, mjomba. Nikifute?"

"Kibonyeze," nikamjibu. "Kisome."